Upanga wa Zoro una funzo: Laana ipimwe, isirithiwe

WAPENZI wa anime hawahitaji kuelezwa Roronoa Zoro ni nani. Ni yule msee wa One Piece mwenye nywele za kijani na panga tatu, mmoja akiuuma kwa meno, na ambaye kila saa amepotea njia. Hadithi hiyo ya Eiichiro Oda ilianza kuchapishwa Japani mwaka 1997. Katuni za runinga zikafuata 1999, na mwaka 2023 ikaja ile ya waigizaji kwenye Netflix, ambayo msimu wake wa kwanza ulirekodiwa Cape Town, Afrika Kusini.

Kati ya panga za Zoro, kuna mmoja ambao vijana wetu wanafaa kuuzungumzia zaidi. Ni Sandai Kitetsu, upanga wenye laana.

Ebu tukumbushane. Mihawk alikuwa amemvunjia Zoro panga mbili. Akafika mji wa Loguetown mfuko ukiwa mtupu, akamkopa Nami kwa riba ya kukaba koo (wale wa mikopo ya simu mnaelewa), kisha akaingia duka la panga. Mwenye duka alikuwa mjanja. Aliuona upanga uliobaki wa Zoro, Wado Ichimonji, akajua ni mali ya thamani kubwa, akajaribu kumlaghai auuze kwa bei ya kutupa. Dakika chache baadaye, Zoro akachomoa Kitetsu kutoka kwa pipa la panga za bei rahisi. Ghafla yule mjanja akabadilika, akakataa kuuza. Alisema kila aliyebeba panga za jina hilo alikufa vibaya, naye hakutaka kubeba lawama ya kifo cha mteja.

Zoro hakubishana. Aliurusha upanga juu, akanyoosha mkono. Ukazunguka hewani, ukashuka, ukapita kando ya mkono bila kuukwaruza, ukadunga sakafu. Akauchukua. Mwenye duka akampa bure, na juu yake akamwongezea Yubashiri, upanga uliokuwa fahari ya duka.

Tazama jambo moja hapo. Yule mzee alikuwa tayari kumlaghai mteja kwa upanga mzuri, lakini aliposhuku laana, alikataa pesa. Huku kwetu mambo ni kinyume. Kijana amemaliza chuo, ametuma barua za kazi mpaka amechoka. Anatokea mtu kumwambia, "Ukoo wenu una laana, ndiyo maana hakuna anayeendelea." Papo hapo anatajiwa kiasi cha kutuma kwa simu ili laana ikatwe. Asipopata kazi mwezi ujao, anaambiwa laana ni nzito, aongeze. Mtu anayeogopa laana kweli hawezi kuifanya biashara.

Sifa hizi za laana hutoka wapi? Japani yenyewe ina mfano halisi. Katika karne ya 16, wahunzi wa jina la Muramasa walifua panga kali mjini Kuwana. Mwaka 1535, babu yake Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shogun mwaka 1603, aliuawa kwa upanga wa Muramasa. Masaibu mengine ya familia hiyo yakahusishwa na panga hizo, michezo ya jukwaani ikakoleza, na jina likaharibika kabisa. Lakini Kuwana haikuwa mbali na Mikawa, nyumbani kwa familia hiyo, na wapiganaji wengi wa huko walibeba panga za Muramasa. Palipomwagika damu, si ajabu upanga ulikuwa wa Muramasa. Na Ieyasu mwenyewe alimiliki Muramasa, akaurithisha ukoo wake.

Kwa hivyo kilichoonekana kama laana kilikuwa na maelezo ya kawaida. Aliyetulia akauliza, aliyaona.

Sisi pia tumelipia gharama ya kutouliza. Ukimwi ulipoingia maeneo ya Ziwa Victoria, wengi waliona mwili unavyokonda wakasema ni chira, mkosi unaomwandama aliyevunja mwiko. Wapo waliotafuta manyasi badala ya kwenda kupimwa. Jina lilitangulia, kipimo kikachelewa, na watu wakazikwa.

Hatudharau mila. Laana ya mzazi au ya wazee ilikuwa na kazi yake katika jamii zetu. Ilitokana na kosa linalojulikana, na njia ya kupatana ilijulikana pia: unarudi, unaomba msamaha, mnakula pamoja. Laana inayouzwa mtaani leo haina kosa wala aliyekosewa. Ina bei tu.

Wala hatusemi kijana anyooshe mkono chini ya upanga. Ile ilikuwa kamari, na kamari tunayo ya kutosha kwenye simu zetu. Cha kuiga ni kilichofuata. Zoro hakukaa akijisifu kwamba ameishinda laana, bali aliendelea na mazoezi. Na kwa wanaofuatilia: Yubashiri, ambao haukuwa na laana yoyote, ndio ulioliwa na kutu kule Enies Lobby ukaisha. Kitetsu alibaki nao kiunoni.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kazi hazipatikani kwa sababu nafasi ni chache, kwa sababu ya kujuana, na mara nyingine kwa sababu barua yako ina makosa. Hayo yanaweza kuulizwa, kupigiwa kelele na kurekebishwa. Laana ya ukoo isiyo na mwanzo haiwezi, na ndiyo maana inawafaa sana wale ambao hawataki uulize.

Basi ukiambiwa una laana, uliza ni kosa gani, la nani, lini. Kisha uliza anayekuambia atapata nini. Kama jibu la pili linakuja haraka kuliko la kwanza, weka simu yako mfukoni uende zako.