Mbio za baiskeli Kilwa zisiwe za vijana peke yao

Mbio za baiskeli za huku kwetu zina mshindi kabla filimbi haijapulizwa. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye baiskeli ya gia, na kila mtu anamjua. Wazee, kina mama, wasichana wa shule na wanaume wenye Phoenix za keria wanasimama kando ya barabara kupiga makofi. Halafu tunalalamika kwamba mchezo haukui.

Mimi ni fundi baiskeli Pande, wilayani Kilwa, na waendeshaji wote hao nawapokea kibandani kwangu. Huja mzee aliyevuka miaka sitini, anayebeba gunia la nazi kwenye njia ya mchanga, na akishuka hata hahemi. Huja muuza samaki anayeondoka pwani alfajiri na tenga lake ili jua lisimharibie biashara; huyo hushindana na saa kila siku. Huja binti wa sekondari aliyeachiwa baiskeli chakavu na kaka yake. Namzibia pancha na kumkazia breki ili awahi namba. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambiwa: njoo ushindane.

Miguu tunayo. Kinachotuangusha ni namna tunavyopanga mbio. Tunaweka umbali mmoja, mstari mmoja na zawadi moja, kisha tunashangaa wanajitokeza wale wale. Mzee hataki kuachwa kilomita tatu nyuma mbele ya wajukuu zake. Mama hataki kusukumana na vijana kwenye kona. Wana haki.

Wenzetu walikwisha kulitatua hili. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Wanaume wakubwa walipangiwa kilomita 267.5, lakini wasichana wa miaka 17 na 18 walipangiwa kilomita 74, na vijana walio chini ya miaka 23 walikuwa na mbio zao. Kwa wasio wachezaji wa kulipwa, shirikisho la kimataifa, UCI, lina mfululizo wa mbio unaowagawa watu kwa umri: miaka 19 hadi 34 kundi moja, 35 hadi 39 jingine, na kuendelea hivyo kila baada ya miaka mitano. Mtu wa miaka 62 anapimwa na wa rika lake. Hata hapa nchini, mashindano ya Mwanza yaliyodhaminiwa na Vodacom miaka ya nyuma yaliwapa wanawake na watu wenye ulemavu mbio zao.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Mwezi wa Agosti, ufuta ukiwa umeshauzwa na korosho bado, kila kata iandae mbio za asubuhi moja. Watoto wa shule ya msingi kilomita 2, wanafunzi wa sekondari 10, wanawake 10, watu wazima 30, na waliovuka miaka hamsini 15. Baiskeli za keria zishindane zenyewe, na za gia zenyewe. Wanawake waendeshe kwa mavazi yao ya stara. Kwenye baiskeli ya kike yenye kava, cheni haikamati gauni wala baibui.

Wapo watakaosema makundi mengi yanakula fedha nyingi. Kwa mtu wa Pande, tairi mpya na tyubu yake ni zawadi ya kujivunia, na mfanyabiashara wa hapa hapa anaweza kuitoa. Mcheza kwao hutunzwa.

Jambo moja tusilifanyie mzaha: usalama. Tusiwapeleke watu kwenye barabara kuu ya Kibiti hadi Lindi, kwenye mabasi na malori ya mizigo ya Mtwara. Tutumie barabara za vumbi, zifungwe kwa saa mbili chini ya uangalizi wa mgambo na polisi kata. Kila baiskeli ikaguliwe na fundi kabla ya kupewa namba. Isiyo na breki zote mbili isianze, hata kama mwenyewe ni bingwa wa mwaka jana.

Namwomba afisa michezo wa wilaya akae na watendaji wa kata walipange hili mapema, na Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA, kituletee mtu wa kutufundisha uamuzi na uchukuaji wa muda. Kazi ya ukaguzi tuachieni mafundi. Kwa upande wa Pande nitaifanya bila malipo. Nawe msomaji mwenye baiskeli inayoota kutu ukutani, ipeleke kwa fundi wiki hii, ujiandikishe katika rika lako.