Chapati za Mama Mkwe

Msomaji wangu, ukimsikia mtu akisema hoteli ni biashara ya uhakika kwa kuwa kila mtu anakula, mkimbie. Mimi nilisema hivyo nilipoachishwa kazi, nikakimwaga kiinua mgongo chote katika kibanda cha mabati huku Kawangware, meza tatu na mabenchi sita. Kula, kweli watu wanakula. Ukutani nimebandika "Kukopa harusi, kulipa matanga". Wateja hukisoma kibao hicho kwa sauti, wakacheka, kisha wakaniambia niwaandike. Daftari la madeni sasa limenenepa kuniliko.

Wafanyakazi ni sisi wenyewe. Mama watoto hupika, kifungua mimba hutembeza sahani, nami hukaa mlangoni na daftari. Mwezi jana mama mkwe akaja kutoka Bungoma kutusaidia "kwa wiki moja tu". Kwetu sisi Wabukusu, mwanamume hampi mkono mama mkwe wala hamkaribii ovyo. Na jikoni mwenyewe ni hatua mbili kwa tatu! Tangu aingie humo, mimi mwenye hoteli sijaona sufuria ikichemka. Huagiza kupitia dirishani, uso nimeugeuzia barabarani.

Basi Alhamisi akaja jamaa mmoja, kofia ya mjengo kichwani, akasema yeye ni msimamizi wa mafundi. Alitaka chakula cha watu 40, kesho yake saa saba: maharagwe na chapati mbili mbili. Watu 40! Mama watoto akaniuliza pesa za unga zitatoka wapi. Nikamwambia aniachie mimi.

Zilitoka chini ya godoro, msomaji, ndani ya bahasha ya karo ya binti yetu aliye kidato cha tatu. Shilingi 3,000. Nilijiambia naziazima kwa siku moja.

Ijumaa gesi ikatuishia saa nne, tukahamia makaa, moshi ukawafukuza hata wale wateja wa deni. Saa saba kasoro simu yangu ikalia. Ujumbe: umepokea shilingi 4,800. Papo hapo vijana wawili wakafika na mkokoteni. "Mama, toa chakula!" nikapaza sauti. Wakaondoka, nami nikajifungulia soda.

Kifungua mimba akaomba kuiona simu. "Baba, ujumbe wa M-Pesa huja na jina la M-Pesa. Huu umetoka kwa nambari ya mtu." Tukaangalia salio. Shilingi 62.

Kijana alitimua mbio hadi kwenye mjengo. Akawakuta mafundi wakila githeri yao, na msimamizi wao ni mama mmoja asiyetujua hata kwa sura. Sufuria iliyotoweka, nayo, ilikuwa ya jirani.

Nikaketi nimejishika kichwa. Mama watoto hakusema neno, na wewe uliyeoa unajua kimya cha namna hiyo. Binti akaingia kunywa maji, akatutazama, akatoka. Alikuwa amekwisha kupanga sanduku lake.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Mwambieni mwanangu aache kuugua. Chapati ziko."

Lo! Mama mkwe alikuwa amewapa wale vijana maharagwe peke yake, akawaambia chapati zingali motoni, warudi baadaye. "Chapati zangu hazitoki mpaka nishike noti," akasema. "Eti pesa zimeingia kwa simu. Nizitoe huko kwa kijiko?"

Zilikuwa 80, zimefunikwa leso, zina joto bado.

Jioni hiyo tuliuza 49 stejini, na jana tukamaliza zilizobaki, shilingi 20 kila moja. Hizo ni 1,600. Binti anarudi shule kesho na bahasha bado ina pengo la 1,400, mbali na sufuria ya jirani. Mama mkwe ameamka alfajiri kukanda unga mwingine aliokopa kwa jina lake, maana langu dukani halikopesheki tena.

Kwa hivyo leo ukipita stejini ukaniona na ndoo nyeupe, simama ununue. Ila uje na noti au sarafu. Simu yangu iko jikoni, chini ya leso, nami siruhusiwi kuingia kuichukua.