Kobalti iko mu mkojo wetu: tupimwe, na majibu turudishiwe

Wandugu vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi,

Bei ya kobalti yetu inajulikana kila asubuhi ku soko la London. Lakini sisi tunaoipumua mu mavumbi ya makamyo, tunaoikula ku lengalenga iliyonyweshwa mayi ya mto, hatujui imeingia kiasi gani mu miili yetu. Mama wa mtaani akitaka kupimisha mkojo wa mtoto wake, hajui aende wapi, amuulize nani, alipe falanga ngapi. Jambo hilo njo tunalisema leo.

Mtu asituambie kama hii ni hofu ya vijana wasio na kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo vya watu 351 wa Katanga. Kati ya wale wanaokaa chini ya kilometa 3 na migodi ao viwanda, zaidi ya nusu walipita kiwango cha kobalti ambacho wataalamu wamewekea wafanyakazi wa kiwanda. Na watoto walikuwa na nyingi kupita wakubwa. Watafiti wenyewe waliandika kama kwa raia wa kawaida, kobalti ya kiasi hicho ilikuwa haijaonekana fasi yoyote duniani.

Mwaka 2018 wakatoa utafiti mwengine wa Kasulo, kule Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba mashimo mu parseli na hata ndani ya nyumba. Watoto wa kule walikuwa na kobalti nyingi mu mkojo na mu damu kuliko watoto wa mtaa wa mbali, na dalili za kuharibika kwa ADN yao. Mwaka 2020, utafiti wa Lubumbashi juu ya watoto wanaozaliwa na ulemavu ulionyesha kama baba kufanya kazi ya migodi njo jambo lililofungamana zaidi na ulemavu ule. Kufungamana peke yake hakutoshi kusema hii njo sababu. Lakini kunatosha kwa serikali yenye akili kuanza kutafuta.

Basi ujuzi uko. Ila mikojo yetu ilipanda ndege kwenda kupimwa Ulaya, sawa vile madini yetu, na majibu yakabakia mu magazeti ya wanasayansi, kwa Kiingereza.

Tuelewane vizuri juu ya kipimo chenyewe, kwa sababu mahali serikali iko kimya, wauzaji wanaingia. Mumeona ile mashini ndogo inayozunguka mu mitaa na mu makanisa: unashika kachuma mkononi, dakika moja, kompyuta inatoa makaratasi ya ini, ya figo, na ya "madini mazito". Kisha wanakuuzisha dawa ya "kusafisha damu". Ile mashini haiwezi kuona kobalti ao risasi. Madini yanapimwa mu labo, ndani ya mkojo ao damu iliyotiwa mu chupa safi, na mikono imenawa, kwa sababu vumbi kidogo tu la nguo ya kazi linaharibisha jibu lote.

Tena kila sumu iko na njia yake. Kobalti inaonekana ku mkojo, na inaonyesha zaidi yale uliyoingiza mu siku za karibuni. Risasi inapimwa ku damu, lakini inajificha mu mifupa miaka na miaka. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto akikutwa na mikrogramu 5 za risasi mu desilita moja ya damu, lazima inapotokea itafutwe na iondolewe. Nywele za mtu anayeishi mu vumbi zinadanganya, kwa sababu madini yanazishika kutoka inje. Na mtu akikunywesha kwanza dawa ya kuvuta madini, halafu akupime mkojo, akuonyeshe namba kubwa, ujue namba hiyo ingepanda kwa mtu yeyote. Anatafuta makuta yako.

Kipimo hakiponyeshi. Sehemu kubwa ya kobalti inatoka yenyewe na mkojo, kama haiingii tena. Lakini itaachaje kuingia kama barabara ya makamyo haimwagiwe mayi, kama baba anarudi nyumbani na mavumbi ya karieri ku nguo, kama mayi machafu ya kiwanda yanafika mu mto tunaofulia? Kwetu, dawa ya kwanza ni kufunga mlango wa sumu. Kipimo kinatuonyesha mlango uko wapi, na kinatupa kitu cha kuweka mbele ya tribinali.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2006, ku artikle 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Artikle 54 inasema uchafuzi wowote unaoletwa na kazi ya kiuchumi unapaswa kulipwa ao kutengenezwa. Na falanga iko: kodi ya migodi ya 2018 inatoza kila sosiete asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na asilimia 15 ya redevansi inapaswa kufika ku mitaa na masekta yanapochimbwa madini.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba:

1. Upimaji wa kila mwaka mu Haut-Katanga na Lualaba, ya bule, kuanzia na watoto, wamama wenye mimba, wakrezeri na wanaokaa karibu na viwanda.

2. Labo ya hapa inchini yenye vyombo vya kupima madini, na kazi kwa vijana waliosoma kemia, biolojia na afya ya raia, ambao leo wanauzisha unite barabarani.

3. Kila mtu apate jibu lake, lifasiriwe kwa Kiswahili na munganga. Hesabu ya mtaa mzima itangazwe, bila majina.

4. Bosi asipewe jibu la mfanyakazi, na mtu asifukuzwe kazi juu ya mkojo wake.

5. Mtaa ukikutwa na namba za juu, udongo, mayi na chakula vipimwe mara moja, na mwenye kuchafua alipe.

Juma hili, kila kikundi cha mtaa kiandike barua kwa mkubwa wa komini na kwa munganga mkubwa wa zoni ya afya, kuwauliza swali moja: watoto wetu watapimwa lini? Mchukue kopi yenye stempu ya mapokezi, muitunze. Wakinyamaza, tutarudi na barua ya pili, tukiwa wengi zaidi, na wamama mbele.

Kobalti yetu wanaipima mpaka gramu ya mwisho kabla haijavuka mpaka. Watoto wetu pia wapimwe.