Albamu ya Sh46,800 iliyofika nyumbani kwa Sh206,000

Mzazi mwenzangu, Jumanne jioni binti yangu wa kidato cha tatu aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Nikajua kuna jambo. Alipomaliza sufuria ya mwisho akasema, "Mama, kuna mzigo wangu umefika. Wanataka hela ndiyo wautoe."

Mzigo gani? Kutoka wapi? Kutoka Korea Kusini. Albamu ya BTS, lile kundi la vijana saba lililoanza mwaka 2013, ambao picha zao amezibandika kwenye kila daftari.

"Si unausikiliza huo muziki kwenye simu yangu kila siku?" nikamuuliza. Akanyamaza.

Tukakaa mezani na kalamu. Albamu yenyewe ilikuwa dola 18. Kwa dola moja Sh2,600, hiyo ni Sh46,800. Kuisafirisha kwa ndege dola 32, yaani Sh83,200. Mama yake mdogo ndiye aliyelipa kwa kadi yake, baada ya kukabidhiwa fedha taslimu Sh130,000 na kuambiwa, "Mama anajua." Sasa ulikuwa umeingia ujumbe mwingine: ushuru, VAT na gharama za kushughulikia mzigo, Sh76,000.

Jumla Sh206,000. Bei ile aliyoiona kwenye simu, iliyomfanya aone kitu ni rahisi, haikufika hata robo ya gharama yote.

Hapa wazazi wengi tunakosea. Tunadhani kodi inapigwa kwenye bei ya kitu peke yake. Kwa mzigo unaotoka nje, forodha wanakokotoa kwanza thamani ya mzigo, ndipo wanatoza ushuru. Kisha VAT, ambayo kwetu ni asilimia 18, inatozwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Likabaki swali nililokuwa naliogopa. Zile Sh130,000 alizipata wapi?

Sh70,000 ilikuwa akiba yake tangu sikukuu. Sh60,000 ilikuwa ada ya tuisheni ya hesabu ya miezi miwili. Kila Jumamosi alikuwa anatoka na daftari kwapani, anashinda kwa rafiki yake, anarudi na kuniambia somo lilikuwa gumu.

Hasira zilinipanda. Baba yake akasema mzigo uachwe huko huko uoze. Aliyetupoza ni bibi yake, aliyekuwa sebuleni akisikia yote.

"Babu yenu naye," akasema, "alimpa baharia mmoja fedha amletee santuri ya Franco kutoka Ulaya. Nusu ya mshahara. Tulikula dagaa mpaka mwisho wa mwezi, na mimi nilikuwa na mimba." Santuri hiyo bado anayo sandukuni, ndani ya mfuko wa plastiki, ingawa gramafoni ilikufa zamani.

Nikarudi kwa binti, safari hii bila kufoka, nikamwambia anieleze humo ndani mna nini. Akanieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mna CD, ambayo sisi hatuna hata pa kuichezea. Mna kitabu cha picha. Na mna kadi ndogo yenye picha ya mmoja wa wasanii, ambayo huwezi kuichagua. Wasanii ni saba. Kama kadi ni moja na unamtaka mmoja tu, bahati yako ni moja kati ya saba. Tena albamu moja hutolewa kwa matoleo kadhaa yenye majalada tofauti, na mashabiki wa kweli wanataka yote.

Hiyo ni biashara iliyopangwa. Kule Korea na Japani wapo wanaonunua makasha mengi ya albamu ileile kwa ajili ya kadi, au ili kuongeza nafasi ya kushinda bahati nasibu ya kukutana na wasanii. Mwaka 2024 zilisambaa picha za marundo ya albamu za kundi la Seventeen zimeachwa mtaani Shibuya, Tokyo. Nilimwonyesha. Alizitazama kwa muda mrefu.

Tuliamua hivi. Mzigo tumeutoa, ila zile Sh76,000 ni deni lake, atalilipa kidogo kidogo kutoka kwenye fedha yake ya sikukuu na vibarua vya nyumbani. Tuisheni inaanza upya Jumamosi hii, na mimi nitakuwa napiga simu kwa mwalimu. Kwa mama yake mdogo ameenda mwenyewe kuomba radhi. Baba yake bado anaona nimelegea.

Kama na wewe mwanao anakudai albamu ya ng'ambo, usianze na "hapana". Anza na karatasi. Andikeni pamoja bei, usafiri, ushuru, VAT na gharama za mwisho, mpate bei ya mlangoni. Ulizeni kwanza kama kuna duka hapa nchini linalouza. Huenda bei ikaonekana kubwa lakini ikawa nafuu. Wakiagiza wenzake kadhaa kwa pamoja, nauli hugawanyika, ila fedha zisitumwe kwa mtu mnayemjua kwa jina la mtandaoni tu. Na kadi yako ya benki au ya simu isitumike na yeyote kabla wewe mzazi hujaongea na mzazi mwenzako. Mdogo wangu angenipigia simu moja tu, yote haya yasingetokea.

Albamu sasa iko juu ya kabati. Kadi iliyotoka si ya yule anayempenda. Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniuliza hesabu ya asilimia inavyokokotolewa.

Wewe ungeutoa mzigo, au ungeuacha? Niandikie. Tukutane wiki ijayo.