Leseni Huria Isigeuzwe Chambo

Kompyuta za siku hizi hazihifadhi majina na hesabu peke yake; zinahifadhi pia uhusiano uliopo baina ya watu, mali na mambo. Kazi hiyo hufanywa na programu ziitwazo hifadhidata za grafu. Badala ya kupanga habari katika majedwali, programu hizo huweka kila kitu kama fundo, na kila uhusiano kama uzi unaounganisha fundo moja na jingine. Atakaye kujua nani ni mshirika wa nani hufuata nyuzi hizo mpaka akalifikia jibu.

Faida yake ilidhihirika mwaka 2016. Waandishi wa habari wa shirika la ICIJ walipochambua nyaraka milioni 11.5 zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca huko Panama, walitumia programu ya Neo4j, yenye asili yake Sweden, kuwafuatilia wenye mali waliojificha nyuma ya makampuni ya majina matupu. Ni dhahiri basi kwamba programu hizi si mchezo wa wataalamu. Swali la nani anazimiliki, na kwa masharti gani, linamhusu kila mtumishi wa umma aliyekabidhiwa kumbukumbu za watu.

Nyingi ya programu hizo zilianza kwa leseni huria. Maana yake ni kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Lakini matoleo mapya yamekuja na masharti mapya. Mwezi Mei 2018, leseni ya toleo kubwa la Neo4j liitwalo Enterprise iliongezewa sharti la kuzuia kuiuza. Novemba mwaka huo huo, lilipotoka toleo la 3.5, msimbo wa Enterprise ukaacha kutolewa hadharani. Toleo dogo la Community limebaki huria, lakini halina uwezo wa kuunganisha kompyuta nyingi zifanye kazi kwa pamoja. ArangoDB nayo iliiacha leseni ya Apache kuanzia toleo la 3.12 la mwaka 2024, ikachukua leseni inayobana matumizi ya kibiashara.

Wenye makampuni wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema makampuni makubwa ya kukodisha kompyuta huchukua programu huria, yakaiuza kama huduma, wala yasimrudishie kitu aliyeiandika. Hakuna awezaye kumlaumu mtu kwa kutaka ujira wa jasho lake. Hata hivyo, jina la uhuria ndilo lililojenga imani ya watumiaji, na wapo waliotoa kazi yao bure kwa imani hiyo. Kuwaalika watu kulima pamoja, kisha kufunga ghala wakati wa mavuno, si uungwana.

Lakini leseni huria ni ngao pia, maana toleo lililokwisha kutolewa chini yake halinyang'anywi. Mwaka 2015 kampuni iliyotengeneza hifadhidata ya Titan ilinunuliwa na DataStax, na maendeleo ya Titan yakakoma. Watumiaji hawakukaa kulalamika. Waliuchukua msimbo wake, na Januari 2017 ukazaliwa upya kwa jina la JanusGraph chini ya Linux Foundation, ambako haumo mikononi mwa kampuni moja.

Hilo ndilo funzo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ofisi au chuo kinachotaka programu ya namna hii hakina budi kuuliza mambo matatu kabla ya kuipokea: nani mwenye hakimiliki, na je, anaweza kubadili leseni ya toleo lijalo peke yake? Je, kumbukumbu zinaweza kutolewa na kuhamishiwa kwingine? Na je, wapo vijana waliofunzwa kuusoma na kuurekebisha msimbo huo? Katika swali la pili ipo nafuu, kwa sababu Aprili 2024 shirika la viwango la ISO lilitoa kiwango cha lugha ya GQL, ya kuulizia hifadhidata za grafu.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na jibu lake limo mikononi mwa walimu. Ruhusa ya kusoma msimbo haimfai kitu asiyejua kuusoma. Leseni hufungua mlango. Elimu ndiyo imwezeshayo mtu kuingia na kukaa ndani kama mwenyeji.