Cairo ya kweli machoni pa Wamisri

Tarehe 13 Aprili 2022, sehemu ya tatu ya mfululizo wa Moon Knight wa kampuni ya Marvel iliwapeleka watazamaji Cairo. Wamisri wengi waliifurahia, na sababu haikuwa yule shujaa mwenye joho jeupe peke yake. Waliona mitaa yenye watu, wakasikia muziki wa mwenzao Hesham Nazih, na wakautambua mji wao. Walikuwa wamechoka kuonyeshwa jangwa, ngamia na rangi ya manjano.

Ajabu ni kwamba mitaa hiyo ilijengwa Budapest, Hungaria. Ukweli wake ulitoka kwa Mohamed Diab, Mmisri aliyeongoza sehemu hiyo, na Wamisri wenzake aliowaingiza kazini. Kabla ya hapo, Diab alikuwa amelaumu wazi namna filamu ya Wonder Woman 1984 ilivyoonyesha Misri.

Sisi Wakongo hilo linatuhusu. Filamu za kigeni mara nyingi hutuonyesha kama inchi ya msitu na bunduki tu. Kulalamika ni haki yetu, lakini hakutoshi. Serikali iwalipie vijana masomo ya kuongoza filamu. Anayeongoza kamera ndiye anayeamua dunia itaona nini.