Daftari la Wiki: Jicho na Mapigo

Jicho halitoi nuru, huipokea. Wanafalsafa kadhaa wa Kiyunani waliamini kwamba miale hutoka jichoni kwenda kugusa vitu, hadi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alipoivunja hoja hiyo katika karne ya 11: anayelikodolea jua huumia macho, na kinachomuumiza hutoka kwenye jua.

Nuru hupita kwanza kwenye konea, ngozi angavu ya mbele isiyo na mshipa hata mmoja wa damu, na hapo ndipo hupindwa zaidi. Lenzi iliyo nyuma ya mboni husifiwa kupita kiasi. Yenyewe humalizia tu, ikinenepa kwa kusoma na kubapa kwa kutazama mbali. Baada ya miaka 40 hivi hukakamaa, na gazeti huanza kusogezwa mbali mpaka mkono unaisha. Picha hutua kwenye retina, utando wa ndani nyuma ya jicho, ikiwa juu chini. Huko zipo seli kama milioni 120 za mwanga hafifu, zisizotambua rangi, na kama milioni 6 tu za rangi. Ndiyo maana kanga nyekundu huonekana nyeusi gizani.

Mahali neva inapotokea kwenda ubongoni hapana seli ya kuonea. Kila jicho lina pengo hilo, na ubongo huliziba kwa kukisia. Mashahidi wanaoapa kwa macho yao mawili hawaulizwi habari hiyo.

Karoti haimwongezei uwezo wa kuona mtu asiyepungukiwa vitamini A.

Jicho hutazama; mapigo ya moyo hupapaswa, pale ateri inapopita karibu na ngozi: kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, shingoni kando ya kikoromeo, upande mmoja tu kwa wakati, kinenani, nyuma ya goti, juu ya wayo. Kwa mtoto mchanga, ni upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Hutumika vidole viwili, cha shahada na cha kati. Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, jambo ambalo waigizaji wa filamu hawajaambiwa.

Huhesabiwa kwa sekunde 30, kisha hesabu huzidishwa kwa mbili. Yakirukaruka, dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupata 60 hadi 100 kwa dakika, mwanariadha pengine chini ya hapo.

Mishipa ya retina haipapasiki, lakini tangu kifaa cha kuchungulia jicho alichokitangaza mwanasayansi Helmholtz mwaka 1851, daktari huitazama ikiwa hai bila kupasua, na shinikizo la damu na kisukari huacha alama zake humo.